Karatasi za Ukoo Zilizo Kortini

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Methali hiyo yawahusu sana watu wa Meru na Embu, ila kwa namna nyingine kidogo, kwa maana huko daftari mara nyingi lipo, lakini wenye mali ndio wasiojua liliko. Jamaa hugombana miaka mingi juu ya shamba la kahawa au la miraa, kumbe shauri lilikwisha kukatwa zamani, na hukumu yake imelala katika masjala ya korti, imefungwa kwa kamba na kufunikwa na vumbi.

Na ichukuliwe mfano wa mtu mmoja wa Imenti, mtoto wa mke wa pili. Baba yake alifariki mwaka wa 1988, naye alikuwa mdogo, akalelewa na wajomba zake. Leo ni mtu mzima mwenye mke na watoto. Amerudi kwao kuomba mahali pa kulima, na ndugu yake mkubwa wa mama mwingine amemjibu, "Hapa huna kitu. Korti ilikwisha kunipa shamba lote." Mtu huyu ana njia tatu. Aweza kuchukua panga, na mwisho wa panga ni jela au kaburi. Aweza kunyamaza na kwenda zake, wanawe wakakaa bila ardhi. Au aweza kwenda kortini kuomba aonyeshwe jalada la shauri hilo, apate kusoma kwa macho yake mwenyewe. Njia ya tatu ndiyo ya mtu mwenye busara, nayo yafaa ielezwe hatua kwa hatua.

Kwanza ni kujua korti ipi. Karatasi za ukoo hazikai zote mahali pamoja. Mahakama Kuu iko Meru, Embu na Chuka. Korti za mahakimu ziko katika miji hiyo, na pia Nkubu, Githongo, Maua, Tigania, Marimanti, Runyenjes na Siakago. Mtafutaji na akumbuke ya kuwa mipaka ya leo siyo ya jana. Chuka na Tharaka zilikuwa katika wilaya ya Meru mpaka mwaka wa 1992, na Mbeere ilikuwa katika wilaya ya Embu mpaka mwaka wa 1996. Kwa hiyo mtu wa Tharaka anayetafuta shauri la babu yake asikate tamaa akilikosa Marimanti. Na aulize Meru. Vivyo hivyo mtu wa Siakago na aulize Embu.

Tena korti zenyewe zimebadilika. Sheria ya mwaka wa 1930 iliweka mabaraza ya wazee ya kuamua mashauri ya Waafrika. Sheria ya mwaka wa 1951 ikaweka Korti za Waafrika mahali pa mabaraza hayo. Na sheria ya mwaka wa 1967 ikazifuta korti hizo, kazi yao ikapewa mahakimu. Anayetafuta habari za kale za namna hiyo, asipozipata kwa hakimu, na aende Nairobi kwenye Nyumba ya Kumbukumbu za Taifa katika barabara ya Moi. Humo mna majalada mengi ya wilaya za Meru na Embu ya tangu siku za Waingereza. Lakini yale yaliyoamuliwa na Njuri Ncheke kule Nchiru, au na wazee wa kiama, hayamo katika madaftari ya korti, isipokuwa kama mtu aliyaleta mbele ya hakimu yawe ushahidi.

Hatua ya pili ni majina, na hapa ndipo wengi hupotea. Mzee wa Kimeru aliyeitwa M'Ikiara huenda aliandikwa M'Ikiara katika kipande, Ikiara katika daftari la ardhi, na jina la ubatizo tu katika cheti cha kifo. Karani akitazama herufi ya M peke yake hataliona jina lililoandikwa chini ya I. Wanawake walioitwa kwa majina yenye kuanza na Cio, au na Cia, huenda waliandikwa kwa jina la mume. Basi mtafutaji na aandike katika karatasi majina yote ambayo marehemu alijulikana kwayo, pamoja na mwaka wa kufa, kijiji chake, na nambari ya shamba kama ilivyo katika hati, kwa mfano Ntima/Igoki au Ngandori/Kirigi pamoja na tarakimu zake.

Nambari ya shamba ni ufunguo mkubwa. Mtu asiyejua nambari ya shauri aweza kwenda kwanza katika ofisi ya ardhi na kuomba upekuzi rasmi. Ikiwa shamba lilihamishwa kwa sababu ya kifo, mara nyingi kadi ya shamba hilo itaonyesha jina la aliyepewa na siku aliyoandikishwa, na pengine nambari ya shauri lenyewe. Akiisha kuwa na mwaka, karani wa masjala ataweza kufungua daftari la mwaka ule.

Hatua ya tatu ni barua. Na iwe fupi, yenye adabu, ikielekezwa kwa msajili au hakimu mkuu wa korti ile. Iseme mwombaji ni nani, marehemu alikuwa nani kwake, anatafuta shauri lipi, na kama ataka kulisoma jalada tu au ataka pia nakala zilizothibitishwa kwa muhuri. Achukue kitambulisho na cheti cha kifo. Atengeneze nakala mbili za barua, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, akae nayo. Ada atakayoambiwa ailipe kwa njia iliyowekwa na serikali, apewe risiti. Asimpe mtu fedha mkononi kichochoroni. Na asishangae akikuta kwamba mashauri ya watoto hayafunguliwi kwa kila ajaye; hayo hulindwa kwa ajili ya watoto wenyewe.

Akilipata jalada, asirukie ukurasa wa mwisho. Sheria ya Urithi ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981, nayo yataka mambo kwa utaratibu. Na atazame ombi la kwanza: ni nani waliotajwa kuwa wake na watoto wa marehemu? Aitazame barua ya chifu: je, yataja nyumba mbili au moja? Atazame kama tangazo lilipigwa katika Gazeti la Serikali, ili mwenye kupinga aseme katika siku 30. Kisha aitazame hati ya usimamizi, na ile ya kuithibitisha, ambayo kwa kawaida haitolewi kabla ya miezi sita. Na mwisho asome mgawanyo, nani alipewa ekari ngapi.

Mtu wetu wa Imenti aweza kukuta moja katika mambo matatu. Huenda akakuta ya kuwa ndugu yake alisema kweli, na mama yake mwenyewe aliweka kidole akakubali, kwa sababu marehemu alikuwa amempa shamba jingine mahali pengine; basi na alitafute hilo, na amwombe ndugu yake radhi. Huenda akakuta ya kuwa alipewa ekari zake tangu zamani, wala hakuambiwa. Basi kazi yake ni kuitaka hati yake. Au huenda akakuta ya kuwa jina lake na la mama yake hayamo kabisa, na marehemu ameandikwa kama mtu wa mke mmoja. Hapo sheria haikufunga mlango. Kifungu cha 76 chasema korti yaweza kuifuta hati iliyopatikana kwa hila au kwa kuficha jambo kubwa. Nakala zenye muhuri ndizo atakazozipeleka kwa wakili au mbele ya korti, nazo zina nguvu kuliko maneno ya mashahidi kumi.

Dada zake walioolewa nao wasidhani ya kuwa jambo hili haliwahusu. Katika sheria hiyo mtoto ni mtoto, wa kiume au wa kike, na Katiba ya mwaka wa 2010 yakataza ubaguzi. Wanawake wengi wa Meru na Embu hawakupata kuliona jalada la baba yao, kwa sababu hakuna aliyewaambia ya kuwa wana haki ya kuliomba.

Je, jalada lisipoonekana? Na asitoke kortini na neno la mdomo tu. Aombe jibu kwa barua. Ofisi ya serikali yatakiwa na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka wa 2016 kujibu ombi la raia, kwa kawaida katika siku 21. Ikiwa limepotea kweli, korti yaweza kuamuru jalada lijengwe upya kwa nakala walizo nazo wahusika, mawakili wao na ofisi ya ardhi. Tena yafaa kulisoma Gazeti la Serikali, kwa maana korti inayotaka kuteketeza karatasi za zamani hutangaza humo miezi mitatu mbele, ili mwenye haja ajitokeze. Mashauri mapya hayana taabu kubwa hivyo, kwani tangu mwaka wa 2024 korti za nchi nzima zimewekwa katika utaratibu wa kupokea mashauri kwa mtandao.

Safari ya kutoka Maua mpaka Meru, au kutoka Siakago mpaka Embu, ina nauli yake, na pengine mtu ataambiwa, "Rudi wiki ijayo." Hata hivyo nauli ya mara mbili ni ndogo kuliko gharama ya kesi ya miaka kumi, na ni ndogo mno kuliko damu ya ndugu. Na yule aliyekwisha kupata karatasi zake asizitie katika paa la nyumba zikaliwa na mchwa. Na azitie katika sanduku la bati, awaonyeshe mkewe na watoto wake wote, wa kiume na wa kike, aandike na nambari ya shauri nyuma ya daftari la nyumbani. Akiba haiozi, na watoto wa nyumba hiyo hawatahitaji kuulizana kwa mapanga jambo ambalo karatasi ilikwisha kulijibu.