Fundi wangu ni mwongo, na mimi ndiye niliyemfundisha

Leo naandika nikiwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira yenyewe ni juu yangu mwenyewe, kwa hiyo mnivumilie.

Mwezi uliopita koki ya sinki la jikoni kwangu Sinza ilianza kuvuja. Nikampigia fundi wangu wa siku zote. Akaja, akaichungulia, akasema imekufa, inatakiwa mpya, shilingi 25,000. Na ufundi? "Nipe tu elfu tano, bosi." Nikatoa 30,000 huku najiona mjanja wa mjini. Ufundi elfu tano tu!

Wiki iliyofuata nikawa napita Kariakoo, maeneo ya Gerezani, nikaiona koki ileile dukani. 14,000.

Nilichemka. Simu nikaitoa mfukoni, nimwite mwizi. Kabla sijabonyeza nikajiuliza: siku ile angeniambia ukweli, kwamba koki ni 14,000 na ufundi 16,000, ningekubali? Jumla ni ileile 30,000. Jamani, nisiwadanganye. Ningemwambia, "Elfu kumi na sita kwa kazi ya dakika ishirini? Acha utani!" Halafu ningetafuta mwingine.

Huo ndio ugomvi wangu leo. Sisi tunaojiita wasomi tuko tayari kulipia kitu tunachokishika mkononi, ila ujuzi tunataka tupewe kama nyongeza ya nyanya sokoni. Fundi amelijua hilo siku nyingi. Anatutajia ufundi wa bei ya huruma, halafu anaweka cha juu kwenye vifaa. Tunamwita mwongo, wakati ukweli tulikwisha ukataa mlangoni.

Na cha juu hakiishii kwenye hela. Fikirini vizuri. Huenda koki yangu haikuwa imekufa. Huenda ilitaka washa tu, kale kampira ka ndani kanakouzwa kwa bei ya peremende. Lakini fundi anayekula kwenye vifaa atakushauri nini, utengeneze au ununue kipya? Tumemweka mahali ambapo akiwa mwaminifu analala njaa, na kila tunapojisifu kwamba tumempunja ufundi, tunanunua kitu kipya tusichokihitaji.

Nina jamaa yangu, tulisoma wote sekondari, baadaye akaenda VETA kusomea ufundi bomba. Amefungua biashara ya matengenezo madogomadogo ya majumbani: bomba, vitasa, milango iliyolegea, rangi. Ana vijana wawili wanaomsaidia. Yeye ameamua kufanya kazi kwa uwazi. Kuja kuangalia tatizo ni 10,000, na ukimpa kazi inakatwa kwenye bili. Vifaa ununue mwenyewe, au akuletee na risiti ya duka. Ufundi anauandika kwenye karatasi kabla hajafungua sanduku la zana. Kazi yake ikiharibika ndani ya mwezi, anarudi bure.

Mnadhani foleni ya wateja imefika wapi? Wanamkimbia! Tena wanaokimbia si watu wa kipato cha chini. Ni sisi, wenye magari na vitambulisho vya ofisini shingoni. "Elfu kumi ya kuangalia tu?" Mbona hospitali binafsi tunalipa hela ya kumwona daktari kabla hajatugusa, na akisema hatuumwi haturudishiwi? Jamaa huyu naye analipa nauli, ananunua zana, anawalipa vijana wake, na kuna siku simu hailii kabisa. Elfu tano ya ufundi inalipia lipi kati ya hayo?

Juzi kaniambia amechoka. Anafikiria kuwa kama wenzake wa kijiweni: ufundi elfu tano, cha juu kwenye vifaa, maisha yaende. Mwaminifu mmoja huyo anatutoka, na akishaondoka tutakaa kibarazani kulalamika kwamba mafundi wote ni matapeli.

Najua mtakachosema. Fundi anachukua advansi anazima simu. Anasema "niko njiani" na bado yuko kitandani. Kweli tupu, yamenikuta. Mafundi, ahadi ni deni. Anayetaka alipwe kama mtaalamu afike saa aliyosema, au apige simu mapema. Aandike bei. Kama ujuzi wake ameupata kwa kufanya kazi bila kukaa darasani, VETA wana utaratibu wa kuwapima watu wa namna hiyo na kuwapa cheti. Na kazi ya kufunga umeme inataka leseni ya EWURA. Asiyekuwa nayo aache nyaya za watu, tusije tukachomewa nyumba na vishoka.

Lakini mwenye hela ndiye anayeweka masharti, na hapa mwenye hela ni sisi. Mimi kazi ya uandishi nimeanza kwa kulipwa kwa habari moja moja, na kila wiki kuna mtu anayeniomba "nimwandikie tu" kitu bure kwa sababu eti ni maneno tu. Inauma. Sasa mtu aliyeumwa na nyoka huyo huyo anawezaje kumgeuzia mwenzake?

Kwa hiyo nilimpigia fundi wangu, ila sikumtukana. Nilimwambia bei ya koki naijua, na kwamba kazi ijayo anitajie ufundi wake halisi, vifaa nitanunua mwenyewe. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Bosi, kweli utalipa?"

Jumamosi amekuja kufunga kitasa. Ufundi 15,000. Mkono ulikuwa mzito kuingia mfukoni, sitaki uongo. Nimelipa.

Nawasilisha.