Hereni Mmewavisha, Kipimo Kiko Wapi?

Kwa ndugu zangu wafugaji wa Rungwe, na kwa wenzangu niliosoma nao udaktari wa mifugo pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro,

Nawaandikia kutoka Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Nimeziona picha za mitamba wa baba mdogo wakiwa na hereni za kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, ile iliyozinduliwa Simiyu Juni 2025. Nilifurahi. Kisha nikauliza kama yupo hata mmoja kati yao aliyewahi kupimwa kifua kikuu, nikajibiwa kwamba hayo ni mambo ya Ulaya. Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike barua hii.

Huku nilipo, kupima ndiyo kazi yangu. Nanyoa manyoya sehemu mbili shingoni mwa ng'ombe, napima unene wa ngozi, nachoma tuberkulini (protini za bakteria wa kifua kikuu), ya aina ya ndege juu na ya aina ya ng'ombe chini, naondoka. Baada ya saa 72 narudi. Uvimbe wa chini ukizidi wa juu kwa zaidi ya milimita 4, ng'ombe huyo anakwenda kuchinjwa na mwenye mali analipwa fidia. Katika eneo lenye ugonjwa mwingi kama hili, ndama akishatimiza siku 42 hahamishwi kwenda shamba jingine mpaka awe amepimwa ndani ya siku 60 kabla ya kuondoka. Ng'ombe wa watu wengine wanapata ulinzi huo kutoka kwa mikono yangu, na mikono hii ilifundishwa Morogoro kwa kodi zenu. Nalala nalo hilo, naamka nalo.

Lakini msiniambie ni ugonjwa wa Ulaya. Mwaka 2001 Rudovick Kazwala wa SUA na wenzake walichapisha utafiti wao: bakteria wa ng'ombe, Mycobacterium bovis, walikutwa kwa Watanzania waliovimba mitoki ya shingo. Ni zaidi ya miaka 20 sasa. Mtoto anakunywa maziwa mabichi, shingo inavimba, mnampeleka kwa mganga, miezi inapita. Akifika hospitali, mashine ya GeneXpert inasema ni kifua kikuu lakini haisemi kama kimetoka kwa mtu au kwa ng'ombe. Na huyu wa ng'ombe, pirazinamidi haimwezi kwa asili yake, nayo ni mojawapo ya dawa nne ambazo mgonjwa huanzishiwa.

Najua mtakalosema: tukipima, nani atatulipa? Mna haki. Afisa mifugo akimkuta ng'ombe mgonjwa hana senti ya kumpa mwenyewe, basi anaona afadhali asiichukue sindano kabisa. Ndipo sote tunanyamaza. Fidia ya Uingereza hatutaipata leo wala kesho. Kwa hiyo tudai kipimo kingine, kipimo kinachokwenda pamoja na chanjo, ili wagonjwa wapungue bila kutegemea kuchinja na fidia.

Nisikilizeni vizuri hapa. BCG, chanjo ile ile anayochomwa kila mtoto wenu anapozaliwa, ilitengenezwa na Calmette na Guérin kutokana na bakteria wa ng'ombe aliyedhoofishwa, ikaanza kutumika kwa binadamu mwaka 1921. Inaweza kumkinga ng'ombe pia. Kilichoizuia miaka yote ni tuberkulini: ni mchanganyiko wa protini nyingi za bakteria, na ng'ombe aliyechanjwa anaweza kuvimba sawasawa na mgonjwa. Kipimo kipya kinatumia protini chache zilizochaguliwa, ESAT-6, CFP-10 na Rv3615c, ambazo mwili wa ng'ombe aliyechanjwa hauzitambui ila akishaambukizwa kweli. Kwa hiyo aliyechanjwa bila kuambukizwa hachanganywi na mgonjwa. Uingereza na Wales walianza kukijaribu mashambani mwaka 2021. Mwaka 2024 utafiti uliofanyika Ethiopia, uliochapishwa katika jarida la Science, ulionyesha kuwa BCG ilipunguza uambukizaji kati ya ng'ombe kwa karibu asilimia 90. Ethiopia, jamani! Waafrika Mashariki wenzetu, wenye umaskini kama wetu na ng'ombe wa maziwa machotara kama wetu.

Sisi tunangoja nini? Msiletewe kipimo cha damu cha interferoni gama mkaambiwa hicho ndicho suluhisho. Damu yake lazima ifike maabara haraka chembe zake zikiwa bado hai, na barabara za vijijini kwetu mnazijua. Hiki kipya kinachomwa kwenye ngozi, bandani kwenu. Kinachotakiwa ni SUA na Wakala wa Maabara ya Veterinari wapewe fedha na amri ya kukijaribu kwa ng'ombe wetu wenyewe, wenye minyoo ya ini na bakteria wa udongo wa kwetu, maana mambo hayo huyumbisha majibu. Waanze na ng'ombe wa maziwa wanaofugwa bandani Rungwe, Arusha na Tanga, wachanje ndama, na kila jibu liingizwe kwenye namba ya hereni. Chuo ambako panya buku wamefunzwa kunusa kifua kikuu kwenye makohozi ya binadamu hakishindwi na kazi hii.

Mtauliza, na wewe uliyekimbia unafanya nini? Swali hilo linanichoma, na sina jibu la kuwatosha. Natuma fedha ya ada na ya pumba, lakini fedha haipimi ng'ombe. Enyi wenzangu mliobaki mkivaa gambuti kwa mshahara ule, nawaheshimu kuliko mnavyojua. Ila heshima hiyo hainizuii kuwaambia kwamba mmezoea mno kusema "bajeti haijafika". Andikeni pendekezo la utafiti. Sehemu ya kisayansi nitaiandika nanyi usiku kwa usiku, bila malipo.

Na ninyi wafugaji, mbunge akija kwenye mkutano wa ushirika msimwombe kofia wala fulana. Mdaini kipimo hiki kipya cha ngozi na chanjo ya BCG kwa ng'ombe, kwa jina, mbele za watu, na mwaka ujao mumdai tena. Hadi siku hiyo, hakuna mtoto wa nyumba yetu anayenywa maziwa yasiyochemshwa. Hata ya ng'ombe wa baba mdogo.