Uso wa Jiji na Mifereji Yake

Mazungumzo yetu juu ya usafi wa miji aghalabu huwa ni mazungumzo juu ya sura. Mgeni wa heshima akitarajiwa, barabara itokayo uwanja wa ndege hufagiliwa, mawe ya ukingoni hupakwa chokaa, matawi ya miti hukatwa. Naye akishaondoka husemwa kwamba jiji lilipendeza. Sina ugomvi na kupendeza, kwa kuwa mji wenye sura njema huwapa wakazi wake heshima. Walakini kwa msomaji wa sayansi swali la kwanza halina budi kuwa lingine: zile taka zilizofagiliwa zimekwenda wapi? Maada haipotei kwa kupitiwa na fagio. Mwanafunzi wa sekondari hulisoma jambo hili mapema kabisa katika kemia, na ingefaa alichukue pamoja naye anapotoka nje ya lango la shule.

Tuitazame Dar es Salaam. Miji ya Tanzania Bara ilinyang'anywa halmashauri zake kwa mpango wa Madaraka Mikoani ulioanza mwaka 1972, huduma zikadorora, kipindupindu kikaingia, na mwaka 1978 ikatungwa sheria ya kuzirudisha. Miaka kumi baadaye, yaani mwaka 1988, wakazi wa Tabata waliochoshwa na moshi, uvundo na nzi wa jalala la jiji waliishitaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu. Mahakama iliamuru jalala lisitumike tena. Halmashauri ilirudi kuomba muda, ikarudi tena, hata mwaka 1991 Jaji Lugakingira alipokataa kuongeza muda, akilihusisha jambo hilo na haki ya kuishi iliyomo katika Ibara ya 14 ya Katiba. Taka zikaelekezwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani, wakashinda. Baadaye zikapelekwa Vingunguti kando ya bonde la Mto Msimbazi, na hatimaye Pugu Kinyamwezi. Katika safari hii yote taka hazikupungua hata ratili moja. Zilibadilisha majirani tu. Kwa maoni yangu hukumu ya Tabata yafaa kusomwa darasani bega kwa bega na kitabu cha biolojia, maana inaonyesha kwamba unadhifu wa mtaa mmoja waweza kulipiwa na mapafu ya mtaa mwingine.

Ni taka gani hizo? Sehemu kubwa ni mabaki ya jikoni na sokoni: maganda ya ndizi na mihogo, makumbi ya nazi, majani ya mboga, pamoja na majivu ya mkaa na mchanga wa uani. Ni taka nzito zenye maji mengi. Mita moja ya ujazo ya taka za namna hii kwa kawaida huwa na uzito wa kilo 300 au zaidi, ilhali katika miji ya Ulaya, ambako makaratasi na maboksi ni mengi, uzito huwa mdogo kwa mbali. Kwa hiyo magari yaliyobuniwa huko kwa ajili ya kushindilia taka nyepesi huku kwetu hushindilia kitu ambacho tayari kimeshindiliwa, na maji machafu hutiririka barabarani. Mkokoteni unaoingia katika vichochoro vya Manzese hufanya kazi ambayo gari hilo haliwezi kuifanya.

Pasipofika mkokoteni wala gari, taka huingia mferejini. Hapa hesabu kidogo itatufaa. Chukua mfereji wa zege wenye upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60. Ukijaa mchanga na taka hadi nusu, wengi hudhani kwamba uwezo wake nao umepungua kwa nusu. Sivyo. Nafasi imepungua kwa nusu, lakini maji yaliyobaki, yakiwa na kina kidogo, husuguana zaidi na sakafu na kuta kwa kadiri ya wingi wake, hivyo yanakwenda polepole. Mwalimu wa fizikia akitumia kanuni ya Manning ataona kwamba mfereji huo sasa wapitisha kama sehemu mbili tu kati ya tano za maji uliyoyapitisha zamani, na hapo hatujaihesabu sakafu mpya ya makopo na vitambaa, ambayo ni ya kukwaruza kuliko zege. Mvua kubwa ya Desemba 2011, ambayo iliua watu wapatao 40 na kuwahamisha wengine wengi wa bondeni hadi Mabwepande, ingeleta mafuriko hata kama mifereji ingekuwa mitupu. Lakini ziko mvua za wastani ambazo zingepita salama kama isingalikuwa mifereji imezibwa.

Mvua ikipita, huja zamu ya mbu. Mbu aina ya kuleksi, aenezaye matende na mabusha, hupenda maji yaliyotuama yenye uchafu, na mfereji ulioziba ni kitalu chake. Aedesi, aenezaye homa ya dengi, hutaka maji machache yaliyo safi zaidi: kopo, kifuu cha nazi, gurudumu bovu la gari. Dar es Salaam imeona milipuko ya dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Katika joto la pwani, mbu huyu hutoka katika yai hadi kuwa na mabawa kwa siku 7 hadi 10 hivi, na mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi.

Basi tazama kalenda. Tarehe 9 Desemba 2015 sherehe za Uhuru ziliahirishwa, taifa zima likaitwa kushika mafagio, na baadaye Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi ikatengwa kwa usafi. Ni jambo jema kwa mshikamano. Lakini kati ya Jumamosi hiyo na ifuatayo kopo moja laweza kutoa mbu mara tatu. Mbu hangojei mwisho wa mwezi. Taka zisipoondolewa walau mara moja kila juma, kazi kubwa ya siku moja hubaki kuwa ya macho.

Si kila kitupwacho ni adui. Huko Makunduchi, Unguja, mwaka 1988 watafiti walimwaga punje za plastiki nyepesi, zile zifananazo na povu gumu la kufungia redio, juu ya maji ya vyoo vya shimo. Viluwiluwi wa kuleksi walikosa hewa, na mbu wakapungua mno. Vivyo hivyo chupa ya maji ya plastiki haikai sana njiani, kwa sababu ina mnunuzi, waokotaji huiwahi. Kilichozagaa ni kile kisicho na bei. Ndiyo maana naona marufuku ya pombe za viroba ya Machi 2017 na ile ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019 zilikuwa na busara: zililenga vitu ambavyo hakuna ambaye angeinama kuviokota.

Yabaki yale maganda na majani. Haya yakitupwa jalalani na kufunikwa pasipo hewa hutoa gesi ya methani. Yakirundikwa vizuri na kugeuzwa, bakteria huyala na joto la rundo hupanda hadi kupita sentigredi 55, joto ambalo huua vijidudu vingi vya maradhi, nayo huwa mboji. Kila kata yaweza kufanya hivyo, pasipo gari la kwenda Pugu kwa ajili ya maganda ya ndizi.

Shule nayo ina mizani, kipimajoto na vijana wenye nguvu. Kidato cha pili wakipima taka za shule kwa majuma manne, za jikoni mbali na nyingine, na kidato cha nne wakipima kina cha mchanga katika mfereji wa karibu kabla na baada ya mvua za masika, watakuwa na takwimu za mtaa wao wenyewe. Zipelekwe kwa diwani, zikiwa na tarehe.