Urembo Umehamia Jikoni na Chooni

Wahenga walinena: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Siku hizi hata ukumbini hapatoshi. Sharti ufike jikoni na chooni, maana huko ndiko urembo ulikohamia.

Mtindo huu si wa Nairobi na Mombasa peke yake. Tazama Ishiara, mji mdogo wa soko katika Mbeere Kaskazini, Kaunti ya Embu, upande wa chini ulio mkavu. Sisi wa Pwani tulilisikia sana jina la Mbeere mwezi Mei 2024, kaunti za Mombasa na Kilifi zilipopiga marufuku muguka na shauri likafika mahakamani. Fedha ya mkulima wa huko, iwe ya muguka au ya pojo, hutangulia kwenye karo na bati. Ikibaki, hushuka ukutani na sakafuni.

Na mambo ya kuchagua yamekuwa mengi. Saruji nyekundu iliyosuguliwa ikang'aa yaonekana ya kizamani. Watakiwa vigae vipana vyenye michirizi ya marumaru, meza ya jikoni ya jiwe la matale lililopigwa msasa, au mbao za plastiki zilizochapwa sura ya jiwe. Vigae navyo havilazimiki tena kuvuka bahari: tangu mwaka 2016 kiwanda cha Twyford, chenye mtaji wa Wachina, kinavitengeneza Kajiado.

Hakuna ubaya wowote katika kupamba. Lakini swali la kwanza ni maji, si rangi. Penye mvua haba kama Ishiara, ukuta unaohitaji ndoo mbili kuusafisha ni mzigo kwa mama anayeyateka hayo maji. Kigae laini hufutwa kwa kitambaa, masizi ya kuni yakatoka. Ndiyo faida yake. Plastiki ikikaribiana na moto hujikunja. Kigae hichohicho laini kikitiwa sakafuni mwa choo, chenye kumeremeta kama kioo, humwangusha mzee aliyeingia kutawadha. Na bila mteremko wa kupeleka maji kwenye tundu, uzuri wote huo huogelea katika dimbwi.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Katika nyumba za mawe za Lamu, kuta za chooni zilipigwa lipu ya chokaa, ikasuguliwa mpaka ikawa laini. Ndani ya birika walijengea bakuli la kaure kutoka Uchina. Lilipendeza, lakini lilikuwa na kazi: birika lilipokaushwa ili lisafishwe, visamaki vilibaki hai katika maji ya bakuli, kisha vikarudia kazi yao ya kula viluwiluwi vya mbu. Basi Uchina haikuanza leo kupamba vyoo vyetu; ila pambo la kale lilipewa kazi.

Hapa pana onyo kwa wenye nyumba za kale za Mombasa na Lamu. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na chumvi, kisha hupumua. Ukiubandika vigae kwa saruji nzito, umeuziba pumzi. Unyevu hutafuta njia nyingine, lipu ya upande wa pili ikavimba na kumomonyoka, na fundi akaitwa tena. Mafundi wanaojua kuisugua chokaa nao wazidi kupungua. Tukiacha kuwapa kazi, ujuzi huo utazikwa nao.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, wa Ishiara na wa Pwani dawa yenu ni moja. Kabla ya kumuuliza muuzaji rangi gani imeingia, muulize fundi: maji yatapita wapi, mguu utashika wapi, na ukuta huu watakaje? Akijibu sawasawa, pamba utakavyo.