Kuazima si Aibu, Aibu ni Kusahau Kwenu

Wako watu wadhanio kwamba fundi bora wa nguo ni yule azuaye kitu ambacho jicho halijapata kukiona. Wako na wengine wasemao kuwa hodari ni yule aletewaye picha ya gauni la Ulaya, akalitoa vile vile bila kupunguza wala kuongeza. Kwa maoni yangu wote wamekosea, na ushahidi wangu ni gauni moja la jioni lililobuniwa Paris mwaka 1939.

Aliyelibuni ni Cristóbal Balenciaga, Mhispania aliyezaliwa mwaka 1895 Getaria, mji mdogo wa wavuvi. Baba yake alikuwa mtu wa bahari, na mama yake alishona nguo za watu. Sindano aliijulia nyumbani. Alipata jina kwao kwanza. Kisha mwaka 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka Hispania, akahama, na mwaka 1937 akaanza upya Paris, miongoni mwa wale mafundi wa kifahari ambao nguo yao hukatwa kwa kipimo cha mteja mmoja na aghalabu hushonwa kwa mkono.

Sasa tazama alilofanya mgeni huyu. Hakujipendekeza kwa kuwaiga wenyeji wake. Alirudi kwa Velázquez, mchoraji wa karne ya 17 katika ikulu ya Mfalme Philip wa Nne, aliyemchora binti mfalme Margarita, naye bado mtoto, katika gauni pana lililotanuliwa kwa fremu ya ndani. Balenciaga akatoa gauni la atlasi ya rangi ya maziwa, limetiwa mahameli nyeusi, likaitwa Infanta, yaani binti mfalme. Sura ya kale ilibaki, lakini ule upana wa kupita mlangoni kwa taabu aliupunguza, kwani alimvisha mwanamke wa zama zake, si picha ya ukutani.

Na hakuishia hapo. Katika miaka ya 1940 na 1950 alitia katika nguo zake vikoti vya wapigana na fahali, marinda ya wacheza flamenco, na ile shali ya darizi ambayo Wahispania huiita ya Manila. Shali hiyo asili yake ni Uchina. Ilipakiwa merikebuni, ikapita Manila na Mexico hata ikafika Hispania, na leo hakuna huko aionaye ngeni.

Je, sisi hatuna kisa kama hicho? Jina la leso lanasibishwa na neno la Kireno la kitambaa cha mkononi, na leso nyingi zilipigwa chapa ng'ambo. Lakini tuliipa pindo, tukaipa mji, tukaiandika jina kwa lugha yetu. Leo nani atathubutu kusema si yetu?

Basi kuazima si kunakili. Mwenye kuazima hujua akichukuliacho kitu na akipelekako. Balenciaga aliweza kwa sababu mbili: alijua kukata na kushona kwa mkono wake mwenyewe, na alikijua cha kwao.

Vijana wetu wa Mombasa na Lamu siwalaumu. Picha i simuni, arusi ni kesho kutwa, na riziki hutafutwa. Lakini ni wangapi kati yao waliokaa na wazee kuuliza kofia ya viua hutobolewaje, au darizi ya shingo ya kanzu huanzia wapi? Getaria pana jumba la makumbusho ya nguo za mwana wao tangu mwaka 2011. Kwetu nguo za bibi zetu zimo masandukuni, zaliwa na nondo.

Nasaha yangu ni hii: zifunguliwe, vijana wazione, wazishike, waulize maadamu wako wa kuwajibu. Mwacha mila ni mtumwa, na fundi asiyejua cha kwao atabaki kuwa mtumwa wa picha za wenzake.