Tiba ya nano kwa aleji ya karanga: Mbona bado iko maabara?

Kwa mtoto mwenye aleji kali ya karanga, kijiko kimoja cha siagi ya karanga kinaweza kumbana koo ndani ya dakika chache. Tangu miaka ya 1990 wanasayansi wanasaka tiba ya kumeza iliyofungwa ndani ya chembe za nano, lakini mpaka sasa hakuna iliyofika duka la dawa.

Ishu iko tumboni

Vidonge vya kawaida vya aleji kama cetirizine havihitaji nano. Mwili unavifyonza vizuri na bei yake ni nafuu. Tatizo ni kwamba vinatuliza dalili tu, kama mafua na kuwashwa. Haviifundishi kinga ya mwili kuizoea karanga.

Kuifundisha kunahitaji protini ya karanga au kinasaba chake. Kinasaba kikimezwa kitupu kinasagwa tumboni, na protini ikimezwa tupu inaweza kuamsha aleji yenyewe. Chembe za nano zinakuwa kama koti: zinalinda mzigo hadi kwenye utumbo, ambako kuna seli nyingi za kinga.

Panya wa 1999

Mwaka 1999, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichapisha matokeo kwenye jarida la Nature Medicine. Walifunga kinasaba cha protini ya karanga ndani ya chembe za kitosani, ambayo hutokana na maganda ya kamba na kaa, wakawalisha panya. Panya hao walipata mshtuko wa aleji hafifu kuliko wenzao.

Unga ukatangulia

Januari 2020, mamlaka ya dawa ya Marekani (FDA) iliidhinisha Palforzia, dawa ya kwanza ya kumeza ya aleji ya karanga, kwa umri wa miaka 4 hadi 17. Haina nano. Ni unga wa karanga uliopimwa, unaoanza na miligramu 0.5 na kupanda taratibu hadi 300 kwa siku.

Kwenye jaribio lililochapishwa 2018, asilimia 67 ya waliopewa dawa walistahimili miligramu 600 za protini ya karanga, dhidi ya asilimia 4 ya waliopewa dawa bandia. Ila unga huo wenyewe unaweza kuleta mshtuko. Ndiyo maana kila dozi inapopandishwa, mtoto huwa chini ya uangalizi, na karanga bado ni marufuku.

Kwa nini nano inachelewa?

Hatari hiyo ndiyo nano inaahidi kuipunguza. Lakini panya si mtoto, na chembe zikivuja njiani, mtoto anapata kilekile anachokikimbia. Hata watafiti wa UCLA waliotangaza chembe mpya za nano mwaka 2023 walitumia sindano, tena kwa panya.

Kwa hiyo ukikutana na kichwa cha habari "nano yatibu aleji", uliza mawili: ni panya au watu? Ni ya kumeza au sindano? Mshtuko ukitokea leo, kinachookoa maisha ni sindano ya adrenalini na kuwahi hospitali.