Majina Yasiyosomeka



Waandishi wa programu za kompyuta wana mzaha wao wa miaka mingi unaomhusu Mwenyezi Mungu. Husema kwamba Mungu ni halisi, isipokuwa atangazwe kuwa namba kamili. Anayeusikia kwa mara ya kwanza aweza kudhani ni kufuru, lakini sivyo. Mwaka 1957 kampuni ya IBM ilitoa lugha ya kuandikia programu iitwayo Fortran, na katika lugha hiyo herufi ya kwanza ya jina ilikuwa na maana yake. Jina lililoanza kwa herufi yoyote kati ya I na N lilihesabiwa kuwa la namba kamili. Mengine yote yalikuwa ya namba halisi, yaani zile zinazokubali desimali. Kwa Kiingereza jina la Mungu huanza kwa G. Kwa kanuni hiyo, basi, Mungu ni halisi mpaka mwandishi atangaze vinginevyo.

Sisi tulipoelezwa jambo hilo tulilijaribu kwa Kiswahili. Neno Mungu linaanza kwa M, nayo M imo kati ya I na N. Kwa hiyo Mungu akitajwa kwa Kiswahili hahitaji tangazo la mtu yeyote: ni kamili tangu mwanzo. Yaliyobaki tunawaachia wanateolojia.

Mzaha huo umetupeleka kwenye jambo zito zaidi. Ndani ya programu yoyote mna vitu vingi vya kutunzwa: kiasi cha fedha, tarehe, jina la mtu. Kila kimoja huwekwa kana kwamba ni katika kisanduku, na mwandishi hukibandika kisanduku hicho jina alitakalo. Aweza kukiita "akibaYaMwanachama". Aweza pia kukiita "a". Kompyuta haijali. Kwake majina hayo mawili ni sawa, na katika lugha nyingi hutupwa kabisa pale programu inapogeuzwa kuwa lugha ya mashine. Jina lile liliandikwa kwa ajili ya nani, basi? Kwa ajili ya binadamu peke yake. Yule atakayeifungua kazi hiyo baada ya miaka mitatu, mwandishi wake akiwa amehamia Dar es Salaam, au akiwa amelala kaburini.

Wenyewe wanalijua hili, na ndiyo maana wanalifanyia mizaha mingi. Phil Karlton, aliyepata kufanya kazi katika kampuni ya Netscape, anakumbukwa kwa kusema kwamba katika fani yao mambo magumu ni mawili tu, na moja kati ya hayo ni kuvipa vitu majina. Wengine huonyana kwamba uandike kana kwamba atakayeirithi kazi yako ni katili mwenye hasira anayeijua nyumba unayoishi. Wapo pia wanaojisifu, nusu kwa utani, kwamba wameandika kwa namna isiyosomeka ili mwajiri asithubutu kamwe kuwafukuza. Hapo ndipo sisi tunapoacha kucheka.

Kipo chama kimoja cha kuweka na kukopa, ambacho hatutakitaja, kilichotengenezewa programu na kijana hodari. Kijana akapata kazi bora kwingine, akaenda zake kwa heri. Ilipobidi programu irekebishwe, fundi mpya alikuta ndani yake visanduku viwili: "sal" na "sal2". Kwamba "sal" ni salio, alikisia. Lakini salio la nini? Kipi ni akiba ya mwanachama, na kipi ni deni alilobakiza? Akachagua, na alichagua vibaya. Mama mmoja muuza dagaa, aliyekwisha kumaliza mkopo wake, akajikuta anaitwa mdaiwa mbele ya wenzake. Akatakiwa kuleta stakabadhi zote. Nusu yake zilikuwa zimelowa mvua ya masika. Ilichukua wiki saba kumsafisha mama huyo, ambaye hajapata kugusa kompyuta maishani mwake. Mashine ilikuwa imejumlisha na kutoa bila kasoro yoyote. Kilichokosekana ni neno moja la Kiswahili mbele ya namba.

Kilichomwokoa ni daftari lake mwenyewe, lile la kurasa zilizokunjamana linalonuka samaki. Humo kila namba ilikuwa na mwenzake: ndoo ngapi, kopo ngapi, nani alilipa na nani bado. Wanaonunua dagaa katika mwalo wa Kibirizi alfajiri, mitumbwi inaporudi na taa zake, hawaandiki "tatu" na kuishia hapo. Tatu nini? Ndoo tatu na magunia matatu si utajiri mmoja. Somo hilo liliwaponyoka hata wasomi wakubwa. Mwezi Septemba 1999 shirika la anga la Marekani, NASA, lilipoteza chombo kilichokuwa kimefika sayari ya Mars baada ya safari ya miezi tisa, kwa sababu programu ya upande mmoja ilitoa namba za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza, na upande wa pili ukazipokea kana kwamba ni za metriki. Namba zilisafiri peke yake, bila jina la kipimo chake. Mama wa Kibirizi asingezipokea.

Yawezekana mtu akauliza, paroko na mambo haya wapi na wapi? Tunajibu kwamba sisi nasi ni watunza kumbukumbu. Kanuni ya 877 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 inamtaka paroko aandike kwa uangalifu na bila kukawia jina la aliyebatizwa, mhudumu, wazazi, wasimamizi, mahali na tarehe. Kitabu hicho hakiandikwi kwa ajili ya leo. Leo kila mtu anamjua mtoto. Kinaandikwa kwa ajili ya siku ambapo mtoto huyo, sasa mtu mzima, atakuja kutoka Tabora au Mwanza akitafuta cheti ili afunge ndoa, na paroko aliyembatiza hayupo tena. Vitabu vya zamani vimejaa vifupisho vya Kilatini, na bado vinasomeka, kwa sababu vifupisho vile vilikuwa vya wote: aliyejifunza mahali pamoja aliweza kusoma popote. Hatugombani na ufupi, basi. Tunagombana na ufupi ambao ufunguo wake umebaki kichwani mwa mtu mmoja.

Kuna na suala la lugha. Vijana wetu wengi wanaojifunza kazi hii huamini kwamba majina ya visanduku lazima yawe ya Kiingereza, hata pale Kiingereza chenyewe kinapowapiga chenga; ndipo tunapopata maajabu kama "totalMichangoFinal2". Tunakubali kwamba kazi inayoshirikisha watu wa mataifa mengi iandikwe kwa lugha yao ya pamoja. Lakini programu ya kutunza zaka za jumuiya za Ujiji, itakayorithiwa na kijana wa Ujiji, kwa nini isizungumze Kiswahili? Tunajua pana vikwazo. Upo mfumo wa kutengenezea tovuti uitwao Ruby on Rails, uliotolewa mwaka 2004, ambao hujitungia wingi wa majina wenyewe kwa sarufi ya Kiingereza. Ukiupa "mtoto", wenyewe huandaa jedwali la "mtotos". Wingi wetu unakaa mbele ya neno, wao wanautafuta nyuma! Hata hivyo mfumo huo unakubali kufundishwa wingi sahihi, na mistari ya kuufundisha ni michache. Mtu akishindwa kuiandika, hilo tutaliita uvivu.

Vijana wa parokia wanaotutengenezea programu ya michango wamekwisha kukubali Kiswahili, na wamekubali kwamba kila namba ya fedha itaje mwenye fedha na sababu yake. Wanachobishania sasa ni jambo jingine. Kwa kuwa jina la kisanduku haliruhusiwi kuwa na nafasi katikati, baadhi yao hukuza herufi ya kila neno linalofuata, na jina likatoka na nundu kama ngamia. Wengine huunganisha maneno kwa kistari cha chini, nalo likajinyoosha kama nyoka. Mpaka tunaandika tafakari hii ngamia walikuwa wanaongoza kwa kura mbili, ingawa katika mkoa wetu nyoka ndio wengi.